Zilizosahaulika kwenye deli

Shemeji aliiacha Cohiba, sigaa ya fahari ya Cuba, ikiwa nusu.

Hakuisindilia kwenye kisahani kama watu wanavyozima sigara. Aliiegesha tu ukingoni ijifie yenyewe, kisha akanyoosha mkono kwangu. "Hebu hiyo yako kidogo, shem." Ilikuwa Jumapili ya Julai, Njiro, baridi ile ya Arusha inayowashangaza watu wa Dar wakishuka kwenye basi na fulana. Tulikuwa barazani, kila mtu na koti lake, kwa sababu mama watoto hataki moshi ule uvuke mlango. Akavuta, akanyamaza. Akavuta tena, akaanza kuigeuzageuza akitafuta lebo. Nilikuwa nimeshaitoa.

"Hii ni nini?"

"José L. Piedra."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kiwanja chenye mgogoro. Sigaa hizi nene, za majani matupu, shemeji anazijua. Anasafiri kikazi, hupita Dubai na Geneva, huleta maboksi. Na Piedra ni ngazi ya chini kabisa ya Cuba: inauzwa vifurushi vya tano tano, ndani imejazwa vipande vya majani badala ya majani marefu, na mjuzi akikukuta nayo mkononi anakuonea huruma. Ila ile niliyompa ilikuwa imelala kwangu tangu kabla ya korona.

"Unanitania."

Sikuwa namtania. Lakini sikuwa na maelezo pia, na hilo ndilo lililoanza kunikera. Wiki kadhaa zilizofuata nilikuwa barabarani, Karatu hadi Seronera na kurudi, wageni wananiuliza chui yuko mti gani, mimi kichwani nimebeba sigaa ya bei ya chini.

## Zinavyonifikia

Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Sinunui sigaa. Naachiwa.

Wenzangu wa kazi hii wanaijua hali ilivyo. Mgeni wa Kimarekani anapitia Ulaya au Ghuba, anaona sigaa za Cuba dukani uwanja wa ndege, anachangamka, maana kwao haziuzwi. Vikwazo vya biashara alivyoweka Rais Kennedy Februari 1962 bado vipo. Kuna kipindi kililegea. Kuanzia Oktoba 2016 waliruhusiwa kurudi nazo nyumbani kwa matumizi yao wenyewe. Septemba 2020 wakafungiwa tena. Kwa hiyo siku ya mwisho, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa KIA, mabegi yameshashushwa na bahasha ya bakshishi imeshatolewa, mtu anakumbuka kitu, anafungua zipu ya pembeni na kukukabidhi boksi lililobaki robo. "Kwako, rafiki."

Wazungu wengine hawana tatizo la sheria. Wanaacha kwa ukarimu tu, au begi limezidi kilo.

Sasa angalia wanachoacha. Hakuna anayeacha Cohiba. Cohiba inavutwa kwenye moto wa kambi usiku wa kwanza, picha zinapigwa, lebo inaonyeshwa kwenye kamera. Zinazobaki ni zile alizoongezewa kwenye punguzo, au alizonunua kwa ajili ya "siku za kawaida" ambazo hazikufika: Piedra, Quintero, Partagás Mille Fleurs, mara chache Por Larrañaga, na zile za Nicaragua zilizovishwa nailoni moja moja. Miaka inapita, mimi navuta kwa nadra, deli langu likajaa zisizotakiwa.

Nasema deli kwa maana ile ile ya deli. Lile la bluu la kubebea maji na soda za wageni, ambalo mpini wake mmoja ulikatika kampuni ikataka kulitupa. Mpira wa mfuniko bado unabana. Limekaa chini ya ngazi, mahali jua halifiki, na kwa muda mrefu nililifungua tu ninapopata cha kuongeza.

## Ile Cohiba

Kabla ya kuisifu Piedra ilibidi niiulize Cohiba maswali.

Shemeji hakuinunua. Alipewa na mtu wa ujumbe fulani, naye aliipata kwenye duka moja la zawadi ambalo sitalitaja. Nilimwomba anitumie picha ya boksi. Likaja: zuri, jeusi, na mfuniko wa kioo ili sigaa zionekane.

Basi.

Habanos, kampuni inayouza sigaa za Cuba duniani, haitengenezi boksi la mfuniko wa kioo. Boksi halali lina stika ya dhamana ya kijani na nyeupe pembeni, na chini limechomwa muhuri wa moto kwenye mbao. Nikarudi kwenye ile nusu iliyobaki (nilikuwa nimeihifadhi, mama watoto anadhani nimechanganyikiwa) na kuitazama lebo yake karibu. Cohiba ya kweli ina vimraba vyeupe vilivyopangwa safu safu juu ya jina. Hii, safu ya juu kabisa ilikatwa katikati, na upande mmoja vimraba vilikuwa vinapanda kilima.

Nilimpigia shemeji. Alicheka, kisha akakasirika, kisha akauliza swali ambalo nilitamani asilifikirie. "Kwa hiyo Piedra yako imeishinda feki. Hiyo nayo ni sifa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ile Jumapili haikuthibitisha kitu. Kama muda unaifanyia sigaa jambo lolote, lazima ishindane na yenyewe: aina moja, changa na kongwe, na anayevuta asijue ipi ni ipi.

## Hewa tuliyopewa bure

Nyumbani kwangu hakuna mtambo. Kuna Arusha tu.

Sigaa inataka kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21 au jirani na hapo. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na chini ya ngazi, kwenye nyumba ya matofali, joto hilo linapatikana sehemu kubwa ya mwaka bila kulipia umeme. Watu wa Ulaya wananunua makabati ya kupoza kwa ajili ya jambo hili. Shida yetu ni unyevu unaoyumba. Masika kila kitu kinalowana, viatu vinaota ukungu kabatini; Septemba vumbi limekauka hadi midomo inapasuka. Ndiyo maana deli linalobana ni bora kuliko boksi la fahari lisilobana. Ndani nimeweka pakiti za kudhibiti unyevu alizoniachia mgeni mmoja, zile zenye maji ya chumvi ndani ya karatasi inayopumua, pamoja na kipimo kidogo.

Kipimo hicho usikiamini hivi hivi. Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi ya mezani, tia matone ya maji hadi iwe uji mzito, weka pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, acha hadi kesho. Hewa ya humo ndani itasimama kwenye asilimia 75, popote ulipo duniani. Changu kilisoma 69. Maana yake siku zote kilipodai 65, kulikuwa na 71.

Mji wa Moshi ni habari nyingine. Ndugu zangu wa Moshi mjini wako mita 800 hadi 900, na Januari na Februari wanalala madirisha wazi. Kwenye joto la nyuzi 24 na kuendelea, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanza kuanguliwa. Ni mdudu wa kahawia, mdogo kuliko punje ya mchele, anayekula pia viungo na nafaka kavu, na anayetoboa tundu safi la duara kwenye sigaa kisha anahamia ya jirani. Tiba yake ni friza siku tatu, halafu siku nzima kwenye friji ya kawaida ndipo uitoe nje, la sivyo jani la nje linapasuka. Aliye Moshi na asiye na friza, avute zake mapema.

Kuna wakati nilitaka boksi la mbao hata hivyo. Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited alinishauri mtarakwa. "Hauliwi na mchwa, mkuu, na unanukia." Kweli unanukia. Ndio mti wa penseli, uko mlimani Meru na Kilimanjaro, na harufu yake ingeingia kwenye kila jani hadi sigaa zote zionje kabati la bibi. Mbao wanayoitumia watengeneza sigaa wenyewe, ile wanayoiita mwerezi wa Kihispania, si mwerezi kabisa. Ni wa ukoo wa mkangazi. Mwarobaini nao ni wa ukoo huo huo, ingawa sitamshauri mtu alaze sigaa kwenye mwarobaini. Nilimwambia fundi atumie mkangazi. Alinitajia bei. Nikarudi kwenye deli.

## Ndani ya jani

Nilitumia jioni kadhaa za kambini kusoma, na kumsumbua mgeni mmoja Mhispania aliyekuwa mzee wa mambo haya.

Sigaa nzuri ya Cuba ina majani ya aina tatu katikati. Volado, la chini ya mmea, kazi yake ni kuwaka. Seco, la kati, linaleta harufu. Ligero, la juu lililopigwa na jua, ndilo lenye nguvu, nene, lenye mafuta, gumu kuungua. Majani yakishakauka kwa hewa hurundikwa, na rundo linapata joto lenyewe. Linachacha. Amonia inatoka. Cohiba wameongeza hatua: seco na ligero zao zinachachushwa mara ya tatu, ndani ya mapipa. Ni sehemu ya kinachowafanya walipishe wanavyolipisha.

Sigaa ya bei ya chini haibembelezwi hivyo. Inasokotwa, inafungwa, inauzwa. Ukiivuta ikiwa mpya unapata ule mchomo puani, karibu na wa banda la kuku lililofungwa usiku kucha. Ni amonia iliyobaki. Ikilala mahali penye unyevu na utulivu, inaendelea kutoka polepole, na kile kilichokuwa uchungu wa ulimi kinalegea.

Kwa hiyo muda unamalizia kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza.

Sentensi hiyo niliiandika kwenye simu usiku, Seronera, kwa furaha kubwa. Asubuhi nikaona inaleta swali jingine: kama ni hivyo, sigaa iliyokwisha kumalizwa vizuri kiwandani inapata nini kwa kulala? Na hizi laini, za watu wa asubuhi na kahawa, ambazo hazikuwa na ukali tangu mwanzo?

Watu wengi ninaowajua wanafanya kinyume cha hesabu hiyo. Wanalaza za ghali kwa sababu ni za ghali, na za rahisi wanazimaliza wiki ile ile.

## Kibosho

Baba mkwe havuti sigaa. Anatumia ugoro, tangu ujana wake, kikopo kidogo cha bati mfuko wa shati. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Majina ya Kihispania hayajui, lebo hazimtishi, na pua yake imeshika tumbaku kwa miaka mingi kuliko niliyoishi.

Tulipanda kwake Kibosho Jumamosi, mimi, shemeji na mama watoto. Shemeji alikuwa amerudi safari na sigaa changa za aina zile zile nilizokuwa nazo. Mama watoto ndiye aliyeziandaa jikoni: akavua lebo zote, akafunga kila jozi, moja uzi mwekundu na moja mweupe, akaandika kwenye karatasi, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hata mimi sikujua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmeniletea nini hiki?"

Tulianza na Piedra. Mzee hakuwasha. Aliinusa ya uzi mweupe kwenye mguu wake, pale inapowashwa, akairudisha mezani. Akanusa nyekundu, akakaa nayo. Aliibonyeza kidogo kwa kidole gumba. "Huyu ametulia," alisema. "Yule mwingine bado ana ugomvi." Tukawasha. Mimi na shemeji tulikubaliana naye kabla hatujafika robo. Nyeupe ilikuwa na ule mchomo. Nyekundu ilikuwa kavu, tamu kwa mbali, harufu ya mbao na ganda la karanga. Tatizo la Piedra halikuondoka, maana vipande ni vipande: iliwaka haraka, ikapata moto mwishoni, na vichembe vilibaki mdomoni. Lakini mama watoto alipofungua pindo, nyekundu ndiyo iliyokuwa kongwe.

Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Jozi ya pili ilikuwa sigaa laini ya Jamhuri ya Dominika yenye jani la nje la Connecticut, la rangi ya mchanga. Jina naliacha. Hii nilikuwa naitegemea, kwa sababu ilikaa muda mrefu kuliko zote. Baba mkwe alinusa zote mbili haraka. "Hii ina kitu. Hii ni karatasi." Shemeji akawasha, akasema neno lile lile, karatasi. Nami nilikuwa nasikia hivyo hivyo, moshi safi usiosema lolote.

Karatasi ilikuwa ile kongwe.

Mzee aliona uso wangu. "Sasa ulitegemea nini? Mbege yenyewe, ukiiacha kupita siku zake, haiwi tamu zaidi. Inakuwa siki. Kila kitu na siku zake."

Jozi ya tatu, Partagás Mille Fleurs, ilituletea ugomvi. Shemeji aliapa nyeupe ni kongwe, "hata mtoto anajua." Mzee akasema nyekundu. Mimi nikasema nyekundu, lakini kwa sababu mzee alishasema, sitadanganya. Karatasi ikasema nyekundu. Shemeji akataka irudiwe. Tukairudia baada ya chakula, nyuzi zimebadilishwa, na safari hii shemeji akapata, mzee akakosa, akidai ndizi-nyama imemharibia pua. Tukaiacha hapo. Kwenye Partagás tofauti ilikuwepo, ila ndogo kiasi kwamba ugali au ndizi vingeweza kuifuta.

Jioni, tukisubiri mvua ipungue, mzee aliuliza jambo zuri kuliko yote niliyosoma. "Na hizi sigara za dukani, mbona haziwi hivyo zikikaa?" Nilikuwa na jibu, kwa bahati. Tumbaku yetu ya Tabora na Urambo inakaushwa kwa moto ndani ya mabani kwa siku chache, na sukari yake inabaki imefungiwa ndani ya jani. Haijachachushwa kama ya sigaa. Ikikaa, inakauka tu na kuzeeka. Alitikisa kichwa, akagonga kikopo chake. "Basi hata ugoro wangu una akili kuliko sigara."

## Ninazozilaza sasa

Baada ya Kibosho nilitoa kila kitu kwenye deli na kupanga upya juu ya kanga sebuleni, wakati mama watoto yuko sokoni.

Laini zote nimezitoa. Zinavutwa msimu huu, nyingine nimewagawia wapishi wa kambi.

Piedra na Quintero zinabaki, na si kwa sababu zitakuwa sigaa kubwa. Zitakuwa sigaa za kuvutika, ambalo kwa bei yake ni jambo kubwa. Sioni sababu ya kuzilaza kupita miaka mitano hivi. Kilichokuwa kibaya kikishatoka, hakuna kingi nyuma yake.

Bolívar, yenye jina la yule mkombozi wa Amerika ya Kusini, ninayo kidogo, na hii ndiyo ninayoiwekea matumaini makubwa. Ni nzito. Changa inakukaba koo. Hapo kuna mali ya kupungua na bado ikabaki. Ramón Allones Specially Selected vivyo hivyo, milimita 124, fupi na nene, jina ambalo wageni wengi hawalitambui hata wakiwa nalo begini. Por Larrañaga, chapa ya mwaka 1834, kongwe kuliko Partagás na Montecristo, leo hakuna anayeipiga picha. Ni ya wastani kwa nguvu, na hapa nakiuka kanuni yangu mwenyewe, kwa sababu niliyoivuta ikiwa imelala ilikuwa na utamu wa sukari guru ambao sikuusikia kwenye changa. Sina maelezo ya kutosha juu yake na sitaki kuyatunga.

Halafu kuna Oliva Serie G. Hii nitaisemea kidogo.

Inatengenezwa kwa tumbaku ya Nicaragua lakini imevishwa jani la Kameruni, jani la Afrika hii hii, linalolimwa Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni jani jembamba, gumu kulima, rahisi kuchanika, lenye vipele vidogo vya mafuta unavyovisikia ukipitisha kidole, na vikiungua vinaacha nukta nyeupe kwenye majivu. Wageni wengi wanaichukulia kama sigaa ya kujazia begi. Ninazo chache zilizokaa hadi nailoni yake imegeuka rangi ya chai ya rangi, kwa sababu mafuta ya jani yamepenya polepole. Ukiivua, nailoni ile yenyewe inanukia. Niliivuta moja Manyara, lango limefungwa, nangoja gari la mwenzangu lililopata pancha. Ilikuwa na pilipili manga kwa mbali na kitu cha mdalasini, na ukali uliokuwepo kwenye changa ulikuwa umehamia nyuma. Sijaifanyia mtihani wa nyuzi. Naogopa kidogo matokeo.

Unga mweupe ukiuona juu ya sigaa zako, usijisifu kwamba zimetoa ua la uzee. Mara nyingi ni ukungu. Futa, punguza unyevu, tazama mguuni kama umeingia ndani, ukiingia, tupa.

Na bei zimenisukuma upande huu pia. Mwaka 2022 Habanos walipandisha bei za Cohiba na Trinidad, chapa yao nyingine, dunia nzima kwa kiasi kilichowatoa wengi mchezoni. Shemeji mwenyewe ameacha kununua. Anasema ni kanuni. Mimi nadhani ni ile ya kioo.

## Mama watoto

Ana haki ya aya zake.

Alinisikiliza nikimsimulia dada yake kwa simu habari za amonia inayotoka, akaniuliza kama saratani nayo inatoka. Haitoki. Sigaa iliyolala miaka kumi ina moshi ule ule, na kutoumeza moshi hakuuokoi mdomo wala koo la chakula. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ambako saratani ya koo la chakula inapatikana zaidi duniani, na familia za Kilimanjaro hazihitaji takwimu. Zina majina, na zina njia ya kwenda hospitali ya KCMC.

Sikubishana. Navuta mara chache, nje, na sijamwanzishia mtu ambaye havuti. Baba mkwe sikumwanzishia. Ingawa alibaki na Piedra moja kongwe, "ya kunusa."

## Kwa wenzangu wa barabarani

Mgeni akikuachia sigaa za Cuba, mwombe na boksi, hata kama limebaki na mbili. Ligeuze. Chini kuna muhuri wa kiwanda, na herufi tatu za mwezi kwa Kihispania pamoja na mwaka: ENE ni Januari, ABR Aprili, AGO Agosti, DIC Desemba. Bila hapo unabahatisha umri, na nusu ya ubishi wetu wa Kibosho ulitokana na maboksi niliyoyatupa ili kuokoa nafasi kwenye deli. Za Nicaragua na Dominika mara nyingi hazina tarehe unayoweza kuisoma, kwa hiyo andika mwenyewe siku uliyopewa.

Mimi sasa naandika. Bolívar zote nimezifunga pamoja kwenye mfuko wa karatasi, nikaandika kwa kalamu nene: ZA SHEMEJI NA MIMI, ZISIFUNGULIWE KABLA YA DESEMBA 2030. Mama watoto aliusoma alipokuwa anatafuta mfagio chini ya ngazi. Akaniuliza ni nani aliyesema kufikia mwaka huo tutakuwa bado tunavuta. Shemeji nimempelekea swali hilo kwa WhatsApp. Alama za bluu zimeshaonekana, jibu bado.